Kadi mbili za grafiki: niongeze GTX 1070 ya pili au ninunue RX 580 mbili?

Mvuvi wa Dunga, Kisumu

Habari zenu ndugu zangu. Nimekuwa msomaji wa kimya hapa kwa muda mrefu, lakini leo nina jambo ambalo naomba ushauri kabla sijalipa pesa nilizozikusanya kwa shida.

Kompyuta yangu niliiunga kipande kwa kipande. Ina prosesa ya Ryzen 5 3600, memori ya gigabaiti 16, pawa saplai ya wati 550 na kadi moja ya GTX 1070 yenye gigabaiti 8, ambayo niliipata ikiwa imeshatumika. Mashine hii ilinitosha kabisa hadi shemeji yangu aliponiachia skrini yake ya pikseli 2560 kwa 1440. Tangu niichomeke, gemu zilizokuwa zikienda fremu (yaani picha) 60 kwa sekunde zinashuka hadi 40, na penye moshi au mvua nyingi zinafika 35.

Sasa nimepata nafasi mbili. Kuna jamaa hapa Mamboleo anayeuza GTX 1070 kama yangu, ya kampuni ileile, pamoja na daraja la kuziunganisha. Na kuna kijana wa Kakamega anayeuza RX 580 mbili za gigabaiti 8 kwa bei ambayo, nikiiuza 1070 yangu, nitaongezea kidogo tu. Kwa hesabu yangu, njia zote mbili zitanipa gigabaiti 16 za memori ya grafiki na nguvu iliyo karibu mara mbili ya ile niliyo nayo, jambo ambalo kadi moja mpya ya bei hiyo haiwezi kunipa. Je, kati ya SLI (njia ya Nvidia ya kuunganisha kadi) ya 1070 mbili na CrossFire (ile ya AMD) ya 580 mbili, ipi inafaa zaidi? Ningefurahi kumsikia mtu ambaye amewahi kuziweka kadi mbili kwenye mashine yake mwenyewe.

Mzee wa Menengai, Nakuru

Karibu ndugu. Mimi nimewahi kuziweka, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Nianze na hesabu ya memori, maana hapo ndipo wengi wetu tulipopotea. Nane na nane hazizai kumi na sita kwenye gemu. Kadi mbili zinapounganishwa kwa SLI au CrossFire, kila moja hulazimika kubeba nakala kamili ya kila kitu kilichomo kwenye mchezo: kuta, barabara, nyuso za watu, vivuli. Ni sawa na wapishi wawili wanaopikia harusi moja, kila mmoja jikoni kwake; kila jiko lazima liwe na mchele wake, nyama yake na viungo vyake. Utalipia gigabaiti 16, lakini gemu itaziona 8 zilezile ulizo nazo leo.

Pili, fahamu jinsi kazi inavyogawanywa. Njia iliyotumika zaidi ni ya kupokezana fremu: kadi ya kwanza huchora fremu ya kwanza, ya pili huchora ya pili, kisha zamu inarudi. Kwa maneno inapendeza. Taabu ni kwamba fremu 60 kwa sekunde maana yake ni fremu moja kila milisekunde 16.7, na kadi mbili zisipolingana pumzi, fremu moja hufika baada ya milisekunde 8 na inayofuata baada ya 25. Wastani unabaki uleule, na kipimo kilicho pembeni mwa skrini kinaandika 60 bila kusita, ilhali jicho lako linaona mtikisiko usiokoma.

Hali hiyo niliiishi. Mwaka 2015, nikikaa Section 58, nilikuwa na kadi mbili za kiwango cha kati zilizofanana kama mapacha, na nilijivunia sana. Katika gemu ya magari niliyoipenda, kipimo kilisoma 80, lakini kila nilipoingia kwenye kona, ukingo wa barabara ulikuwa ukirukaruka kama picha ya televisheni ya zamani yenye antena mbovu. Nilibadilisha draiva (programu inayoiendesha kadi), nikabadilisha kebo ya skrini, nikafikia hata kuishuku meza. Jioni moja nikang'oa daraja na kucheza na kadi moja peke yake. Kipimo kilishuka hadi 55, na gari likatulia barabarani. Nilikaa pale kwa muda nikitazama kona ileile niliyoizunguka miezi mitatu, na kwa mara ya kwanza niliiona vizuri.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, wenye teknolojia hii wenyewe wameshaifunga. Wazo la kadi mbili lilipendwa tangu 1998, kampuni ya 3dfx ilipouza Voodoo2. Nvidia ilinunua mali ya 3dfx na mwaka 2004 ikalirudisha jina la SLI. ATI, ambayo baadaye ilinunuliwa na AMD, ikajibu kwa CrossFire mwaka 2005. Lakini SLI kwa kawaida haifanyi kazi yenyewe. Kila gemu huhitaji maelekezo yake ndani ya draiva, na Nvidia iliacha kuandika maelekezo mapya kuanzia tarehe 1 Januari 2021. Katika familia ya RTX 30, ni 3090 na ndugu yake 3090 Ti tu zilizobaki na mahali pa kuchomeka daraja, na RTX 40 za mwaka 2022 hazina kabisa. Upande wa AMD, RX 5700 XT ya 2019 ilikuja bila CrossFire. Kwa hiyo, gemu iliyotoka baada ya hapo itatumia kadi mbili ikiwa tu waandishi wake waliamua kuandika kazi hiyo wenyewe, na ni wachache mno waliojisumbua.

Tena wana sababu. Gemu nyingi za leo hulainisha kingo za picha kwa kutazama fremu iliyotangulia. Fremu hiyo ikiwa imechorwa na kadi nyingine, lazima isafirishwe kwanza ndipo kazi iendelee, na faida yote inaishia njiani.

Mkulima wa Chwele, Bungoma

Namheshimu Mzee wa Menengai na sipingi maelezo yake, lakini naona haki itendeke kwa upande wa pili. Mimi hadi leo natumia GTX 1080 Ti mbili kwa SLI kwenye skrini ya pikseli 3840 kwa 2160, na sijutii. Siri ni kwamba nacheza gemu za miaka ile ambazo ziliandaliwa kwa ajili ya kadi mbili. Shadow of the Tomb Raider na Strange Brigade zinazitumia zote mbili vizuri, na Red Dead Redemption 2 vilevile ukichagua Vulkan, mojawapo ya njia zake za kuchora, kwenye mipangilio. Katika gemu hizo, mtikisiko anaoueleza Mzee siuoni.

Hata hivyo, nikuambie nilicholipia ili kufika hapo. Ubao mama wangu hugawa njia za data za prosesa nane kwa nane kati ya sloti mbili. Pawa saplai ni ya wati 1000, kwa sababu kila kadi inakula wati 250. Mashine iko kwenye chumba chenye madirisha mawili, na usiku upepo wa Mlima Elgon unaingia wenyewe. Mtu asiye na mambo hayo matatu nisingemshauri aanze safari hii leo.

Kwa hiyo tuorodheshee gemu zako, ndugu. Bila majina yake tunapiga ramli.

Fundi wa Kondele, Kisumu

Mvuvi, mimi ni jirani yako, na kompyuta ninazofungua kila siku ni za joto na umeme wa mji huu huu, kwa hiyo nitazungumzia mambo ambayo video za watu wa nchi za baridi hazikuambii.

Tuchukue RX 580 mbili. Kila moja imeandikwa wati 185, kwa hiyo mbili ni 370. Ryzen 5 3600 imeandikwa 65, lakini ikibanwa hufika karibu 88. Ongeza ubao, memori, diski na feni, tuseme 50. Jumla ni kama wati 508 kwenye pawa saplai ya 550, na kadi za grafiki zina tabia ya kuvuta umeme kwa kishindo cha ghafla unaozidi namba iliyoandikwa. Mashine itazimika katikati ya mchezo, nawe utadhani umeme umekatika. GTX 1070 mbili ni nafuu, wati 150 kila moja, jumla kama 438, ila chungulia kebo zako: kila kadi inahitaji kiunganishi chake cha pini nane, na pawa saplai nyingi za kiwango hicho zina viwili vilivyoning'inizwa kwenye waya mmoja. Kuzipitisha kadi mbili kwenye waya mmoja saa tatu mfululizo ni jambo nisilolikubali kwenye meza yangu. Nimeona plastiki ya kiunganishi ikiwa imegeuka rangi ya kahawa ya maziwa na pini zake zimelegea, na mwenye mashine alikuwa akilalamikia harufu tu.

Kisha kuna UPS, kile kifaa cha betri cha kukinga umeme ukikatika. Wengi wetu hapa tuna zile za VA 650, na watu huichukulia VA kama wati. Soma kibandiko cha nyuma: nyingi hazitoi zaidi ya wati 360 au 390. Mashine ya kadi mbili ikiwa inacheza, ukichanganya na skrini, itaishinda UPS hiyo papo hapo umeme ukiondoka, na kinga uliyoinunua itakuwa haipo siku unapoihitaji.

Joto nalo. Mchana wa Kisumu chumba kisicho na feni hufika nyuzi 30 bila shida. Kadi ya juu itakuwa inavuta pumzi iliyotoka mgongoni mwa kadi ya chini, tena kwa nafasi ya vidole viwili. GTX 1070 imepangwa kujipunguza kasi ikikaribia nyuzi 83, kwa hiyo ile ya juu itachoka mapema, na kwa kuwa zinapokezana, ya chini italazimika kumsubiri mwenzake.

Mwisho ni tokeni. Tofauti kati ya GTX 1070 mbili na kadi moja ya kisasa ya wati 132 ni wati 168. Ukicheza saa nne kila siku, hiyo ni zaidi kidogo ya uniti 20 kwa mwezi.

Lakini kabla hatujaendelea, nijibu maswali mawili. Ubao mama wako ni upi hasa? Zima mashine, fungua kasha, washa tochi ya simu na umulike ndani ya sloti ya pili ndefu. Uniambie meno ya shaba yanaishia wapi. La pili: mashine hiyo unaifanyia nini kingine zaidi ya gemu?

Mvuvi wa Dunga, Kisumu

Nawashukuru nyote, hasa kwa hesabu ya memori ambayo sikuwa nimeielewa kabisa.

Nimefungua kasha leo jioni. Ubao ni wa B450. Sloti ya juu imevikwa chuma na meno yake yanatoka mwanzo hadi mwisho. Ile ya chini ina urefu uleule kwa nje, lakini nilipomulika ndani nikaona meno yanaishia kama robo ya njia, na sehemu iliyobaki ni plastiki tupu. Nilidhani labda yamevunjika, nikapitisha kidole, lakini ni laini kabisa; inaonekana iliundwa hivyo.

Gemu ninazocheza zaidi ni Cyberpunk 2077, Forza Horizon 5, na ile ya mpira ya EA ninayocheza na wadogo zangu Jumapili.

Kuhusu matumizi mengine: ndiyo, nina kazi ya pembeni. Nachora nyumba kwa Blender, programu ya michoro ya 3D, kwa ajili ya wakandarasi wawili wanaojenga upande wa Riat. Wanataka picha za sebule na za nje kabla mteja hajaweka sahihi. Picha moja hunichukua dakika 40, na nikiwa na kumi za kupeleka asubuhi, mashine hulala ikifanya kazi. Sikuwa nimelitaja kwa sababu niliona swali langu ni la gemu.

Fundi wa Kondele, Kisumu

Ungeanza na hilo la Blender, ndugu yangu! Sasa picha imekamilika.

Sloti yako haijavunjika. Ile ya juu ina njia 16 zinazokwenda moja kwa moja kwenye prosesa. Ya chini ina njia nne tu, tena zinapitia kwenye chipu ya ubao, na chipu ya B450 hutoa njia za kizazi cha pili cha PCI Express, ambazo ni za polepole. Kwa namba, sloti ya juu hupitisha karibu gigabaiti 16 kwa sekunde na ya chini kama 2. Nvidia hukubali SLI ikiwa kila kadi ina njia nane au zaidi, kwa hiyo GTX 1070 mbili kwenye ubao huo hazitaungana hata ukinunua daraja la dhahabu. Mpango wa Mamboleo umeishia hapo, isipokuwa ubadilishe na ubao.

CrossFire yenyewe haina masharti hayo. RX 580 mbili zingekubali kuungana bila daraja lolote, zikipitisha fremu kwenye ile njia nyembamba. Lakini tazama gemu zako: hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayotumia kadi mbili. Kadi ya pili itakaa imezubaa huku ikila umeme, na wewe utakuwa unacheza na RX 580 moja, ambayo ni dhaifu kuliko 1070 unayotaka kuiuza. Utakuwa umelipa ili urudi nyuma.

Kwenye Blender mambo ni tofauti, na ni vizuri tulieleze kwa sababu watu huchanganya. Blender haihitaji SLI wala CrossFire. Humkabidhi kila mfanyakazi mandhari yote, kisha kila kadi inachora kipande chake cha kazi bila kumsubiri mwenzake, na hata sloti yenye njia nne inatosha, kwa sababu data hupelekwa mara moja mwanzoni. Hapo kadi mbili hukaribia kweli kufanya kazi mara mbili. Kwa hiyo 1070 ya pili ingekusaidia kwenye nyumba za Riat, ingawa kwenye gemu isingekusaidia lolote. RX 580 ndizo usiziguse kabisa kwa kazi hiyo: tangu toleo la 3.0 la Desemba 2021, Blender iliacha OpenCL, njia iliyokuwa ikizitumia kadi hizo, na kadi za kizazi hicho cha AMD zikaachwa nje.

Ushauri wangu ni kadi moja: RTX 3060 yenye gigabaiti 12. Ina viini maalumu vya kufuata miale ya mwanga, na Blender huvitumia kupitia OptiX, programu ya Nvidia ya kazi hiyo. Kwa kazi yako hiyo kadi moja itazishinda 1070 mbili, tena ikiwa na nafasi ya gigabaiti 12 za kweli kwa mandhari yenye samani na miti mingi. Kwenye gemu inaipita 1070 kwa kiasi utakachokiona, na ina DLSS (mbinu ya Nvidia ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza), ambayo kwa Cyberpunk kwenye skrini ya 1440 ndiyo itakayokurudisha kwenye fremu 60. Inakula wati 170, kwa hiyo mashine nzima itakuwa kama wati 308. Pawa saplai yako itapumua, na UPS ya VA 650 itaweza, ingawa skrini nayo inakula kidogo, basi usichomeke na spika humo.

Tahadhari moja: kuna RTX 3060 ya gigabaiti 8 iliyokuja baadaye, yenye njia ya memori ya biti 128 badala ya 192. Jina ni lile, kadi siyo ile. Muulize muuzaji gigabaiti kwanza, bei baadaye.

Kama usingekuwa na kazi ya Blender, ningekuambia RX 6600. Wati zile 132 nilizozitaja ni zake.

Mzee wa Menengai, Nakuru

Fundi amemaliza kazi. Niongeze kwamba draiva za kawaida za gemu kwa kizazi cha GTX 10 zilifikia mwisho Oktoba 2025, na kinachobaki ni marekebisho ya usalama. Kuongeza kadi ya pili ya kizazi hicho leo ni kujenga ghorofa juu ya msingi ambao mwenye kiwanja ameshaacha kuutazama.

Mwanafunzi wa Siriba, Maseno

Samahanini wakubwa kwa kuingilia. Kuna matumizi mengine ya kadi mbili ambayo hayajatajwa. Programu inayoitwa Lossless Scaling hutengeneza fremu za katikati, na unaweza kuipa kadi ya pili kazi hiyo huku ya kwanza ikiendelea kuchora mchezo. Kadi hizo si lazima zifanane, na hakuna daraja. Kwa hiyo Mvuvi akinunua 3060 anaweza kuiacha 1070 kwenye sloti ya chini ifanye kazi hiyo.

Mimi nimeijaribu kwenye mashine ya rafiki yangu na picha inateleza vizuri. Ila skrini lazima ichomekwe kwenye kadi ya pili, na fremu zote zipite kwenye sloti yake. Fremu moja ya 2560 kwa 1440 ni kama megabaiti 14.7, sitini kwa sekunde ni karibu megabaiti 885, kwa hiyo ile njia ya gigabaiti 2 inakaribia nusu kabla hujafanya kitu kingine. Na fremu hizo ni za kubuniwa: jicho linaridhika, lakini mkono hausikii wepesi wowote, hasa kwenye mpira ambako pasi inahitaji kuitika mara moja.

Mvuvi wa Dunga, Kisumu

Nimeelewa na nimekubali. Nilikuja kuuliza kadi mbili zipi, na kumbe ubao wangu ulikuwa umeshajibu tangu siku niliyoununua. Wazo la kijana wa Maseno ni zuri, lakini kwa joto la chumba changu nitaiachia 1070 iende. Binamu yangu wa Ahero ameshaiomba, na skrini yake ni ya 1080 itakayomtosha.

Kuna mtu Nakuru anauza RTX 3060 ya gigabaiti 12 iliyotumika. Nikifika, nikague nini? Nina hofu ya kadi zilizotumika kuchimba sarafu za kidijitali.

Fundi wa Kondele, Kisumu

Usikatae kadi kwa sababu tu ilichimba sarafu. Uchimbaji wa Ethereum kwa kadi za grafiki ulikoma tarehe 15 Septemba 2022, na nyingi zilizoingia sokoni baada ya hapo bado zinafanya kazi. Cha muhimu ni namna ilivyotunzwa.

Usinunue kadi iliyo mezani. Inunue ikiwa ndani ya mashine inayowaka. Beba programu ya GPU-Z kwenye fleshi. Lazima isome viini 3584, memori ya megabaiti 12288 na njia ya biti 192. Ikikuonyesha onyo kwamba kadi ni bandia, aga na uondoke. Wanaotafuta RX 580 nao waangalie hapohapo: ile kamili ina viini 2304, na kuna nyingine yenye 2048 inayouzwa kwa jina hilohilo.

Kisha iwashie gemu nzito au kipimo cha mzigo kwa nusu saa, uendelee na maongezi yenu. Sikiliza feni: mlio wa kukwaruza ni wa beringi iliyokwisha. Tazama skrini kama kuna vidoa vya rangi au mistari, kwa sababu hiyo ni memori inayokufa na hakuna fundi wa hapa atakayekuahidi tiba. Joto likipanda hadi juu ya nyuzi 80 na kubaki hapo, huenda dawa ya kupitisha joto imekauka. Hilo halikatazi kununua, ni la kuombea punguzo, nami nitakubadilishia. Geuza kadi uangalie skrubu kama vichwa vyake vimeliwa, na kingo kama zina mafuta yaliyochuruzika kutoka kwenye pedi.

Ukiifunga kwenye gari, izungushie nguo na uishike mapajani. Usiiweke kwenye buti. Barabara ya Nakuru hadi Kericho ina matuta ya kutosha kulegeza feni.

Mzee wa Menengai, Nakuru

Na ukifika Nakuru niandikie faraghani. Nitakuja nawe na mashine yangu ya kupimia, ili usiitegemee ya muuzaji.

Mvuvi wa Dunga, Kisumu

Narudi baada ya wiki mbili kwa ajili ya watakaosoma baadaye. Mzee alitimiza ahadi. Tulikaa na muuzaji dakika 45, GPU-Z ikasoma namba zote tatu kama Fundi alivyoandika, na joto lilisimama kwenye nyuzi 71. Tuliinunua.

Cyberpunk kwenye 1440 sasa inabaki karibu na 60 nikitumia DLSS, na sijaona ile mirukoruko niliyoisoma hapa. Sebule iliyokuwa ikichukua dakika 40 kwenye Blender ilimalizika kwa dakika 11, nikafikiri imekatika njiani, nikairudia. Na juzi usiku umeme uliondoka nikiwa katikati ya picha ya saba. UPS ililia, mashine ikabaki hai, nikahifadhi kazi, nikazima kwa utaratibu na kwenda kulala.